Sitaki Kuitwa Kiraka

Jumatatu, 23 Machi

Idi imeisha, nimerudi Kibaha na mfuko wa mihogo mibichi ambao mama alinilazimisha kuubeba kutoka Kisarawe. Mvua imeninyeshea kutoka stendi mpaka bwenini. Atupele, mwenzangu wa chumbani ambaye pia ndiye kipa wetu, amenipokea na habari: ratiba ya Kombe la Vyuo imebandikwa, na kocha wa timu ya wanawake ya mkoa atazunguka viwanjani kuchagua wachezaji.

"Safari hii unaenda, Maulida," akasema.

"Ninaenda kama nani?"

Akaanza kumenya mihogo.

Swali langu si la kuringa. Mwaka jana nilicheza beki wa kushoto, beki wa kati, winga na mshambuliaji, na Atupele alipougua malaria nikadaka. Nafasi moja tu sijawahi kuanza nayo hapa chuoni: namba sita, kiungo wa kati. Na hiyo ndiyo niliyocheza tangu sekondari, hiyo ndiyo yangu. Anayo Eugenia, nahodha wetu, na hakuna anayethubutu kuligusa hilo.

Jumamosi, 28 Machi

Mechi ya kirafiki na wasichana wa kiwandani kule Zegereni. Ni wakubwa kuliko sisi, wana mapaja ya watu wanaosimama kutwa nzima, na wanacheza huku wanaongea.

Nilianza beki wa kushoto. Kabla ya mapumziko Mwalimu Didas akanipeleka winga ya kulia. Kipindi cha pili beki wetu wa kati akateguka, nikarudishwa katikati ya ulinzi. Tulipofungwa bao la pili nikaambiwa nipande mbele kabisa.

Dada mmoja wa kiwandani, yule aliyekuwa akinikaba, akamwuliza mwenzake kwa sauti ya kutosha uwanja mzima, "Huyu mbona anahamahama kama mpangaji?"

Wakacheka. Hata Atupele golini alicheka, nilimwona. Nikafunga bao moja, ikaisha mbili moja.

Baada ya mechi Mwalimu Didas akanishika bega mbele ya wote. "Mnamwona huyu? Huyu ndiye kiraka wetu. Popote palipotoboka, tunambandika."

Wenzangu wakapiga makofi. Alikuwa anasifu, najua. Kila redio ya mpira nchini ikimsifu mchezaji wa namba nyingi humwita kiraka. Lakini nimelifikiria neno lile njia nzima. Kiraka hukatwa kwenye nguo nyingine, kinashonwa mahali pasipo pake, na siku nguo mpya ikinunuliwa hakuna anayekikumbuka. Mimi sitaki.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Uwanja umekuwa bwawa, vyura wamehamia golini. Hakuna mazoezi.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimekwenda ofisini kwa Mwalimu Didas. Anatufundisha takwimu, kwa hiyo hata akizungumzia mpira anazungumza kama yuko ubaoni.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba mwaka huu nicheze namba sita."

Hakukasirika. Akavuta kiti, nikae. "Sikiliza, Maulida. Nikikuweka kati, napata kiungo mzuri lakini nampoteza beki. Eugenia akicheza kati, napata kiungo wa kutosha, na kushoto nina beki bora kuliko wote mkoa huu. Hesabu hiyo ngumu?"

"Si ngumu. Na mimi napata nini?"

"Unapata kucheza. Kuna wasichana ishirini pale wanaotamani hata dakika kumi."

"Mwalimu, wenzangu wote wanacheza, na kila mmoja anajua kesho atasimama wapi. Kocha wa mkoa akija atamwona namba moja, namba tano, namba tisa. Mimi ataniona nikikimbia huku na huku. Ataandika nini?"

"Ataandika kwamba unaweza kila kitu."

"Anayeweza kila kitu huitwa mwisho."

Akasema timu kwanza, Maulida, mtu baadaye. Nikamwambia nimesikia. Sikusema nimekubali.

Jumapili, 5 Aprili

Chuo kimefungwa kwa Pasaka, nimekuja nyumbani Kisarawe. Nilidhani hapa angalau nitapata wa kuniunga mkono. Wapi! Baba yangu, Mzee Bilali, ujana wake wote alicheza beki wa kushoto, na hadi leo akisimulia mechi anasogeza vyombo mezani kuonyesha nani alikuwa wapi.

"Mguu wa kushoto wa kweli ni adimu, mwanangu. Viungo wako kila kichochoro. Mungu amekupa kitu adimu, unakikataa?"

"Baba, nikiwa pembeni mstari uko begani kwangu. Naona nusu ya watu. Nikiwa katikati wote wananizunguka, na mpira ukinijia najua unakokwenda kabla haujafika."

"Beki naye anaona."

"Anaona kinachomjia. Mimi nataka kuona kinachotoka."

Akaguna, akarudisha vikombe mahali pake. Mama, ambaye hajawahi kumaliza mechi moja bila kusinzia, akauliza kutoka jikoni, "Kwani wewe Bilali, wakati ule ulikuwa unataka kucheza kushoto au uliwekwa?"

Baba akasema anaenda kuangalia mihogo yake kama haijaoza kwa maji. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumamosi, 11 Aprili

Mechi ya kwanza, nyumbani, moja bila. Nimecheza namba tatu, kushoto. Winga wao hakupita hata mara moja. Kocha wa mkoa, Zubeir, alikuwa chini ya mwavuli mweusi upande wangu. Nilimsikia akimwambia Mwalimu Didas, "Beki wa kushoto umepata."

Wote wamenipongeza. Nimekula kimya.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimefanya. Sasa niandike jambo lilivyokuwa kabla watu hawajalipamba.

Tulikuwa darasani tukivaa, maana chumba cha kuvalia kinavuja. Mwalimu Didas anataja namba huku anagawa jezi. "Namba tatu, Maulida." Akainyoosha.

Sikuipokea. "Naomba namba sita, mwalimu. Kama haiwezekani, nitakaa benchi."

Eugenia alikuwa tayari ameshavaa sita yake, akashika kifua kana kwamba nitamvua.

"Maulida, hapa si sokoni," mwalimu akasema.

"Najua, mwalimu. Ndiyo maana sipatani bei. Ukinipa sita nacheza. Ukinipa tatu sichezi."

Mkono wake uliendelea kuning'inia na ile jezi. Mwisho akaigeuza kwa Saida, msichana wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kuanza mechi. "Vaa wewe." Saida aliivaa kinyumenyume, akaambiwa, akaivua, akaivaa tena.

Tulifungwa tatu bila. Mabao mawili yalitokea kushoto. Nilikaa benchi na koti langu la mvua, nikaangalia kila kitu mpaka mwisho. Sikutaka mtu aseme nimegeuza uso. Saida alikuwa anakimbia kama mtu anayefukuza kuku. Kila alipopitwa, mashabiki wetu walikuwa hawamtazami yeye. Walikuwa wananitazama mimi.

Kuna aliyepaza sauti, "Umefurahi sasa?"

Sikufurahi. Lakini jambo lenyewe sijalijutia, na ninaliandika leo hii hii ili kesho nisije nikajidanganya kwamba nilijuta.

Jumatatu, 20 Aprili

Hakuna anayeongea na mimi isipokuwa Atupele, na yeye ananiongelesha kwa sababu tunatumia ndoo moja.

Jioni nilikuwa nafua nyuma ya bweni, Eugenia akaja. Hakusalimia.

"Tatu bila, Maulida. Saida kalia mpaka katapika. Wewe ulikuwa umekaa pale umekunja mikono kama mgeni rasmi."

"Nilimwambia mwalimu mapema. Tangu mwanzo wa mwezi anajua."

"Uliongea na mwalimu. Na sisi je? Ulituambia lini? Mimi nahodha wako nimejulia darasani, na jezi nimeshavaa!"

Hapo alinipata. Nikaacha kufua. Nikamwambia kweli, kwako nilipaswa kuja kwanza. Lakini ningekuambiaje kwamba naitaka nafasi yako?

Akakaa kwenye tofali, akacheka kicheko cha hasira. "Nafasi yangu! Wewe unadhani mimi naipenda hiyo sita? Kule shuleni Karagwe nilikuwa beki wa kati. Miaka minne, beki wa kati, na hakuna mtu alikuwa ananipita kwa kichwa. Nimefika hapa mwalimu kaona nina sauti kubwa, kasema nahodha lazima akae katikati ya uwanja. Basi nikakaa. Mechi nzima nageuka geuka, sijui mpira unatokea wapi."

"Na hukusema?"

"Nani anasema? Unapewa jezi, unavaa."

Mwaka mzima nimemwona huyu dada kama ukuta uliosimama mbele ya mlango wangu. Kumbe naye amesimamishwa pale, na miguu inamuuma.

Alhamisi, 23 Aprili

Tumekwenda ofisini wawili. Eugenia ndiye aliyezungumza, na sauti yake ile ile iliyompa unahodha ilisikika mpaka maktaba. Alisema yeye arudi beki wa kati, mimi nicheze sita, na kama ni kosa basi litakuwa la kwake.

Mwalimu Didas alikasirika kweli safari hii. Alisema mchezaji akianza kujipangia, kesho kipa atataka kuwa mshambuliaji. Alisema mimi nimeacha wenzangu wafungwe ili nishinde ubishi. Nikasema, "Ni kweli nilikaa, mwalimu. Na ukinipa tatu Jumamosi ijayo nitakaa tena."

"Nani basi atacheza kushoto? Nitajieni jina."

Hesabu yake ilikuwa bado imesimama pale pale ubaoni.

Mlangoni kumbe Saida alikuwa amekuja kurudisha daftari la mahudhurio. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nitacheza. Maulida akinifundisha."

Mwalimu akamtazama, akatutazama. Akasema Saida ana wiki moja, sasa tutoke.

Jumanne, 28 Aprili

Mimi na Saida, saa kumi, mvua nyembamba. Nimemfundisha asimtazame winga usoni wala miguuni, amtazame kiunoni. Nimemwambia asikimbilie mpira, akimbilie mahali mpira unapotaka kwenda. Ana pumzi kuliko mimi. Woga ndio unaomla.

Nimegundua najua mengi sana kuhusu kucheza kushoto. Imenikera.

Jumamosi, 2 Mei

Lazima tushinde au tutoke. Mwalimu Didas akasoma namba bila kunitazama. "Tatu, Saida. Tano, Eugenia. Sita, Maulida."

Mbili bila. Siwezi kuandika mechi nzima, itakuwa kujisifu. Niandike dakika moja tu. Eugenia aliuondoa mpira kwa kichwa, ukanijia miguuni nikiwa nimewapa mgongo wapinzani. Sikugeuka kuangalia. Nilikuwa nimeshaangalia kabla. Nikaugusa mara moja tu kwa kisigino cha kushoto, winga wetu akawa peke yake na kipa. Niliposikia kelele nilikuwa bado sijageuka.

Baada ya mechi mwalimu alimpongeza Eugenia, akampongeza Saida. Mimi akaniambia, "Kipindi cha pili ulipoteza pasi mbili za kijinga."

Ni kweli, zilikuwa mbili.

Jumamosi, 9 Mei

Nusu fainali imeahirishwa. Wapinzani wetu wanatoka upande wa Gwata na barabara imekatika.

Jumamosi, 16 Mei

Moja bila, kwenye tope hadi kwenye goti. Tuko fainali. Fainali inachezwa Kisarawe! Nimempigia baba. Kitu cha kwanza kuuliza: "Utacheza wapi?"

Jumamosi, 30 Mei

Barabara ya Kiluvya ilikuwa tope, dereva akazungukia Pugu, tukafika Kisarawe tumechelewa na matumbo yametikisika. Uwanja ulijaa. Watu wa mtaani kwetu walikuja na khanga zao za Idi, na baba alikuwa amesimama kwenye mstari upande wa kushoto kabisa, kofia mkononi.

Walitutangulia kwa kona. Kabla ya mapumziko nikapiga krosi ya chini, tukasawazisha. Kipindi cha pili mpira ulikuwa wetu. Nasema hivi na yeyote aliyekuwepo abishe: dakika thelathini nzima walikuwa wanatufukuza.

Kisha wakaingiza winga mpya, mfupi, mwepesi kama panzi. Akampita Saida. Akampita tena. Upande ule wa uwanja, watu wa nyumbani kwetu, wanaonijua tangu nikiwa mtoto, wakaanza: "Maulida rudi kushoto! Rudi kushoto!" Nikamsikia baba kati yao, sauti yake siwezi kuikosea.

Mpira ulipotoka, Mwalimu Didas akanijia mpaka kwenye mstari. Hakufoka. "Dakika kumi tu, Maulida. Badilishana na Saida. Nakuomba."

Kuniomba hakuwahi. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Angeamuru, ningekataa bila kufikiri.

Nikamtazama Saida. Alikuwa ameshika magoti anahema. Akatikisa kichwa. "Usije," akasema. "Nitaweza."

Nikamwambia mwalimu, "Nikitoka hapa kati tutakuwa hatuna mpira kabisa. Saida anabaki. Mimi nabaki." Akanyanyua mikono, akarudi kukaa. Angeweza kunitoa. Hakunitoa.

Zikiwa zimebaki dakika chache yule panzi akampita Saida kwa mara ya tatu, akapiga krosi, wakafunga. Mbili moja. Ikaisha hivyo.

Nilisikia mengi nikitoka. Mbinafsi. Amewauza wenzake. Mwalimu gani anaongozwa na mwanafunzi. Baba alinisubiri getini. "Ungekuwa kushoto krosi ile isingepigwa."

"Labda, baba. Na bao letu nani angelitengeneza?"

"Hilo lilishapatikana. Tungetoka moja moja."

"Wewe ungependa moja moja. Mimi nilitaka kushinda."

Akavaa kofia yake. Hatukuagana vizuri.

Kwenye basi Saida alikaa karibu nami. Nilidhani analia, kumbe ana hasira. "Ungekuja kunichukulia nafasi mbele ya watu wote wale," akasema, "nisingegusa mpira tena maisha yangu. Mwakani yule mfupi hanipiti."

Sijui kama ningemzuia yule winga. Pengine ndiyo. Nimejiuliza njia nzima mpaka Kibaha na jibu ni lile lile: pengine ndiyo, na bado nisingeenda.

Jumatano, 3 Juni

Kocha Zubeir amepiga simu kwa Mwalimu Didas. Nimeitwa majaribio ya timu ya mkoa, Jumamosi. Kama beki wa kushoto. Nafasi ya kuanza iko wazi, amesema, sina mpinzani.

Mwalimu alinipa taarifa hiyo tukiwa tumesimama kwenye varanda ya madarasa, maji yanachuruzika kwenye bati. Nilingoja aseme unaona sasa. Hakusema. Alisema, "Fainali nimeifikiria sana. Nikitumia akili yangu, naona ulikosea. Nikikumbuka mchezo wenyewe ulivyokuwa, sina uhakika. Nimefundisha miaka mingi, si kawaida yangu kukosa uhakika."

"Ahsante, mwalimu."

"Sijakusifu."

"Najua."

Jumamosi, 6 Juni

Jua, la kwanza baada ya wiki nyingi. Uwanja umeanza kukauka. Wasichana wa mkoa mzima, wengine sijawahi kuwaona, wengine nawajua kwa mateke.

Kocha Zubeir akapuliza kipyenga. "Makipa kule. Mabeki kulia kwangu. Viungo kushoto. Washambuliaji nyuma." Kila mtu akaenda kwake. Mimi nikaenda kwa viungo.

Aliniona, akaja. "Wewe ni yule wa kushoto, Maulida. Mabeki wako kule."

"Shikamoo, kocha. Mimi ni kiungo."

"Nimekuona kwa macho yangu ukicheza beki."

"Umeniona nilipowekwa. Leo niangalie nilipojiweka."

Wenzangu kwenye kundi wakainamisha vichwa, wanaficha kicheko au woga. Kocha hakucheka. "Viungo ninao wanne, na wote wazuri. Beki wa kushoto sina. Unanielewa? Kule unaanza mechi ya kwanza. Hapa huenda usirudi hata wiki ijayo."

"Nimeelewa vizuri."

"Na bado?"

"Na bado, kocha. Nitakuwa wa tano."

Akapiga kipyenga. Nikacheza. Sikucheza vizuri kama Mei. Nilicheza vizuri kiasi cha kutosha nisione haya.

Jumamosi, 13 Juni

Majina yametoka. Beki wa kushoto amechukuliwa msichana wa Kwala, ataanza. Mimi nimo: kiungo, akiba.

Atupele ameruka juu ya kitanda mpaka chaga moja ikavunjika. Eugenia amekuja akanikumbatia bila kusema neno, na yeye kuacha kusema si kawaida. Kisha nikampigia baba, ambaye tulikuwa hatujaongea naye tangu fainali.

"Shikamoo, baba. Nimechaguliwa."

"Marahaba. Kushoto?"

"Kiungo. Wa akiba."

Nikasikia kuku wa mama.

"Kwa hiyo ungekuwa unaanza, umechagua benchi."

"Ndiyo, baba."

"Benchi!"

"La viungo."

Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikuijua, "Mama yako aliniuliza swali siku ile. Niliwekwa. Nilitaka kucheza namba kumi, katikati, wakaniweka kushoto, nikasema sawa. Hivyo tu, sawa." Akakohoa. "Mechi ya kwanza lini?"

Nikamwambia. Akasema atakuja, na kama sitaingia atamwuliza huyo kocha mbele ya watu.

Mazoezi yanaanza kesho asubuhi. Kuna viungo wanne mbele yangu. Nimewaona wote wakicheza, na hakuna hata mmoja ninayemwogopa.